Maswali Yenu: Punda Amepaa, Kivuli Chake Kiko Wapi?

Haya jamani sabalkheri, na masalkheri kwa mwenye kusoma jioni. Mwezi huu barua zimejaa na karibu zote zauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani efekti za vile vichekesho vifupi tunavyotupia mtandaoni, mtu apae, mtu atoweke, mtu awe wawili. Nimefurahi kweli manake hii ndo kazi yangu hapa Lamu, mchana nashuti usiku naediti, na mpaka leo sijachoka kumuona mtu akishika mbavu kwa kitu ambacho najua kilinikesha. Nimechagua barua chache, zengine majibu yao yamo humu humu mtayaona.

*Asalaam aleikum fundi. Mimi na wenzangu twafanya vichekesho vya mtu na punda wake. Kwenye hichi kipya punda amechoka kubeba mawe ya ujenzi akaamua kupaa, apita juu ya mapaa ya Mkomani na mwenyewe yuko chini na kamba mkononi. Nimemkata punda vizuri kabisa, siku tatu nzima, lakini nikimuweka juu ya mapaa akaa kama stika. Walioona wamecheka lakini wamecheka vibaya, wamecheka kazi yangu. Nimekosa wapi? — Kijana wa Langoni, Lamu*

Waaleikum salaam mdogo wangu, pole kwa hizo siku tatu, na wazo lako ni zuri sana, punda aliyechoka kila mtu wa Lamu amjua.

Klipu uliyonitumia nimeiangalia mara nyingi. Kukata hukukosea, masikio yametoka safi hata ule unywele wa shingoni umeutunza. Kosa liko kwenye jua. Punda ulimshuti wapi? Kwa vile naona kivuli kimemkaa chini ya tumbo kabisa, miguu yake ina weusi mfupi tu, hiyo ni saa sita mchana, na sisi hapa tuko karibu na ikweta, nyuzi mbili na kitu tu kusini yake, jua la saa sita lakaa utosini. Sasa mapaa umeyashuti jioni, ukuta wa kushoto una mwanga wa dhahabu, wa kulia una giza. Mtazamaji hajui habari za nyuzi wala ikweta lakini jicho lake tangu utotoni limezoea kwamba vitu viwili vilivyo pamoja vapigwa na jua moja, akiona punda ana jua lake na nyumba zina jua lao aamua hapo hapo kwamba huyu kabandikwa, hata kabla hajajua kwanini.

Dawa yake si kwenye laptopu, ni kurudi kushuti. Nenda na punda saa kumi na moja jioni, msimamishe mahali peupe, jua limpige ubavu ule ule linaopiga mapaa, na kamera uiweke chini yake. Hilo la pili nalo ni kubwa, manake punda wako amepigwa picha na mtu aliyesimama sawa naye, mgongo waonekana, halafu yeye yuko juu angani na sisi tuko chini, vipi tumuone mgongo? Anayepaa juu yako wamuona tumbo na kwato. Mpandishe kwenye ile ngazi ya gatini ama kibarazani, mahali pasipomuumiza na mwenye punda awe amemshika, wewe ukae chini na simu yako.

Tatu ni kivuli chake kwenye mapaa. Punda akipita juu ya nyumba jua likiwa pembeni lazima kivuli kipite kwenye ukuta wa ng'ambo, kimelainika kwenye kingo. Chukua ile ile leya ya punda, yaani ile picha yake uliyoikata, ikopi, ijaze nyeusi, ishushe uzito wa rangi (opacity) mpaka uone ukuta kupitia ndani yake, iblari kidogo kingo zilainike, uilaze kwenye ukuta na ukuta ukivunja kona nacho kivuli kivunje kona. Usiku mmoja huo, na ndo usiku utakaokulipa kuliko zile siku tatu zote.

Na nikwambie kitu mdogo wangu, mimi ningekuwa wewe ningeonyesha kivuli peke yake. Fikiria hivi: twamuona mwenye punda amekaa na chai yake na hamri mkononi, nyuma yake twasikia kwato kwenye sakafu ya mtaa, ta ta ta ta, kisha kimya. Hageuki. Kivuli cha punda chapita juu ya ukuta mweupe mbele yake polepole, yeye akifuata kwa mato tu, hamri imesimama nusu njia ya mdomo, halafu jiwe moja la ujenzi laanguka pembeni yake, pu! Punda mwenyewe mwonyeshe sekunde moja na nusu tu mwisho, mdogo, mbali, juu ya minara. Watu watacheka sawasawa manake wataona sura ya yule mtu, na sura yake ndo itakayowaambia kwamba punda amepaa kweli. Efekti yategemea uso wa mwigizaji kuliko yategemea programu. Ukiwa na mwigizaji anayejua kutazama mahali pasipo na kitu na ukaamini pana kitu, mshike huyo usimwache, mpe nauli, mpe soda, mpe chakula cha mchana.

Hesabu pia: fremu 25 kwa sekunde, punda wako ana sekunde nne, hizo ni picha 100 za kukata kwa mkono, ukiwa mwepesi ukatumia dakika tatu kwa kila moja ni saa tano za kukaa kitako. Sekunde moja na nusu ni picha 38 tu. Waona?

Nimesema habari ya jua lakini upepo nao wasema ukweli. Miaka ya nyuma nilitengeneza jahazi lililopaa juu ya Shela, kazi nikaipenda, jua sawa, kivuli sawa, nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa nahodha, akaangalia mara moja tu akaniambia, "Mwanangu, tanga limeyaa kwa kaskazi na minazi yainama kwa kusi, bahari hiyo ni ya wapi?" Jahazi nilikuwa nimelishuti mwezi wa kwanza, minazi mwezi wa saba. Tanga limevimba kwenda kulia, minazi imelala kushoto. Hakuna mtu mwengine aliyeniambia lakini nilipoangalia tena sikuweza kuona kitu chengine isipokuwa hicho, nikaitoa nikaanza upya. Tangu siku ile kila klipu nayoshuti naandika kwenye daftari: saa ngapi, jua liko upande gani, upepo watoka wapi. Mistari mitatu tu. Anza hilo daftari leo.

*Shikamoo. Mimi naigiza mama na binti yake, wote ni mimi, kwa video moja. Nagawanya skrini katikati, upande huu nimevaa dera na leso kichwani upande ule nimevaa jinzi. Shida kuna mstari waonekana katikati, saa zengine upande mmoja uko na mwanga zaidi, na taa ya sebule yacheza cheza. Pia mama akiongea na binti yaonekana haongei na mtu. Natumia simu ya Android. — Binti wa Malindi*

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, vile wageuza sauti ya mama mpaka mabega yakabadilika nilidhani ni watu wawili kweli, nikarudisha nyuma kuhakikisha.

Mstari watokea kwa sababu simu yako ni mwerevu kupita kiasi. Kila ukiingia kwenye picha yapima mwanga upya, ukivaa dera jeupe yapunguza, ukija na jinzi nyeusi yaongeza, kwa hivyo ukuta ule ule unakuwa na rangi mbili. Bonyeza kidole kwenye skrini ukishikilie mpaka uone alama ya kufuli ama maandishi kwamba fokasi na mwanga vimefungwa, na usiguse tena mpaka mama na binti wote wamalize. Ikiwa simu yako haina hiyo, kuna apu ya Blackmagic Camera ama Open Camera, zote za bure, na humo waweza kufunga kila kitu hadi white balance, yaani vile kamera yaamua nyeupe ni ipi. Rangi usiisahau watu wengi wafunga mwanga waacha rangi halafu ukuta waanza na umanjano wamaliza na ubuluu.

Taa kucheza ni umeme wetu. Stima ya Kenya yapiga mara 50 kwa sekunde, taa yawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera yaona. Weka fremu 25 na shata, yaani muda ambao kamera yapokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde na itatulia, ukiacha 30 na shata yoyote tu ndo zile mbavu mbavu za giza zapanda ukutani. Kuna balbu za LED za bei ya chini ambazo hata hapo hazitulii, basi zima hizo fungua dirisha.

Lakini dirisha nalo lina mambo yake. Malindi wakati wa kusi mawingu yakimbia, dakika hii jua dakika hii kivuli, ukishuti mama sasa hivi ukaenda kujipamba nusu saa ukarudi kuwa binti hiyo sebule si ile tena. Fanya binti kwanza, dera uwe umeshalipiga pasi liko kitandani lasubiri, vaa juu kwa juu, dakika tano uwe umerudi. Na simu isisogee hata ukucha! Tripodi ikiwa haipo jaza mchanga kwenye mfuko mtupu wa unga, ukandamize simu humo, kwaheri. Wadogo zako wasipite hapo karibu, sakafu ikitetemeka picha yatetemeka.

Mahali pa kukata usichague katikati eti kwa sababu ni katikati. Tafuta mstari ambao tayari uko, kama fremu ya mlango, kona ya kabati, ncha ya pazia lililotulia, ukate hapo na kingo uzilainishe kidogo. Na mkono wa mama usivuke. Ukitaka avuke, mathalani ampe binti kikombe, hapo utakata kwa mkono fremu kwa fremu, na kwa furaha yote niliyonayo juu ya kazi hii nakushauri kikombe kikae mezani.

Kuhusu mama kuongea na hewa: rekodi sauti ya mmoja kwanza, uiweke kwenye simu ya rafiki, uisikilize kwa kisikizi kimoja cha sikioni kilichofichwa ndani ya leso huku waigiza mwengine. Hapo utajibu kwa wakati, utamkata maneno, utacheka anapocheka. Halafu bandika kipande cha karatasi ukutani mahali macho ya binti yalipokuwa, kwa urefu ule ule, ndo mama aangalie hapo. Binti akikaa na mama kasimama karatasi iwe chini. Hiyo karatasi ya shilingi sifuri ndo tofauti ya mama na binti na watu wawili waliopotezana.

*Mambo fundi, nimejaribu grini skrini nyumbani, ile ya kuweka kitambaa cha kijani nyuma ya mtu halafu programu yakifuta uweke mahali pengine, nimetumia leso ya mama ya kijani. Mjomba kavaa kanzu nataka aonekane yuko mwezini. Imekuwa balaa. Kuna maandishi yaelea juu ya mwezi na kanzu imekuwa kijani kijani. Nisaidie kabla mjomba hajachoka na mimi. — Msomaji, Shela*

Yakhe, leso ina pindo, ina mji na ina jina lake! Ulipoiambia programu iondoe kijani imeondoa kijani, jina halikuwa kijani limebaki linaning'inia angani nyuma ya mjomba. Programu haijui leso ni nini, yenyewe yafuta rangi uliyoionyesha tu na yale mengine yote yanabaki. Rudisha leso ya mama, ifue kwanza, ununue kitambaa cha pamba kisichong'aa, rangi moja, mita tatu au nne, ukipige pasi mpaka kisiwe na kunjo hata moja sababu kila kunjo ni kijani chengine.

Kwanini kijani? Sensa ya kamera nyingi za siku hizi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye kila vitone vinne viwili vyaona kijani, kimoja chekundu, kimoja buluu. Kwa hivyo kijani ndo rangi ambayo kamera yaiona kwa undani zaidi, na ngozi ya binadamu haina kijani. Zamani za filamu za mkanda walikuwa wakitumia buluu sana.

Sasa kanzu. Kanzu nyeupe ni kama kuta zetu za chokaa, yarudisha kila rangi iliyo karibu. Mjomba amesimama karibu aguse kitambaa, kijani kimemrukia mgongoni na mabegani. Msogeze mbele, hatua tatu nne kubwa kutoka kwenye kitambaa, hata kama kitambaa kitaonekana kidogo hakuna neno mradi kimemzunguka, kule kwengine unakata kwa mkono. Kitambaa kipewe mwanga wake na mjomba apewe wake. Nje kivulini ni pazuri kuliko ndani, na ukiwa na ukuta mweupe upande mmoja huo ni taa ya bure. Kijani kidogo kitakachobaki kwenye kingo kila programu ina kitufe cha kukiondoa.

Ila swali langu kwako, lazima mwezini? Una michanga ya Shela hapo mlangoni pako, vilima vya mchanga kilomita kwa kilomita, asubuhi saa kumi na mbili hakuna nyayo hata moja. Mpeleke mjomba na kanzu yake pale, geuza rangi ya anga iwe nyeusi, mchanga uufifishe uwe kijivu, umemaliza, na kivuli chake kitakuwa cha kweli kwenye ardhi ya kweli na miguu itazama kwenye mchanga, kitu ambacho grini skrini haitakupa kamwe. Wenzetu wa Malindi nao wana Nyari kule Marafa, yale magenge mekundu, ukisema ni sayari nyengine nani atabisha? Mimi nasikia uchungu nikiona mtu wa pwani hii amejifungia chumbani na kitambaa.

*Je, ni programu gani nilipie? Kuna jamaa kaniambia aniwekee After Effects ya bure kwa flashi. — Lamu mjini*

Usiweke hiyo. After Effects, ile programu ya kutengeneza efekti, yenyewe ni ya kulipia kila mwezi, ya flashi ni ya wizi na nimeshaona mtu laptopu yake imefungwa na virusi, kazi ya harusi ya watu imo ndani. Usilipe chochote kwa sasa. Blender ni ya bure moja kwa moja, hakuna sehemu ya kulipia, wakfu unaoiendesha uko Uholanzi tangu 2002 na wenye studio kubwa waitumia, humo waweza kujenga punda, jahazi na bahari. DaVinci Resolve ina toleo la bure, ndani yake mna Fusion ya efekti, utaediti na kubandika mahali pamoja, yataka laptopu yenye nguvu lakini. Kama uko na simu tu CapCut na KineMaster zatosha kwa yote niliyoyaandika leo kasoro kujenga vitu vya 3D. Programu utabadilisha mara kumi maishani. Daftari la jua na upepo halibadiliki.

*Mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka kumi na tisa na ni hodari wa haya mambo mashallah. Wiki iliyopita aliweka video ya boti yateketea moto mbele ya mji, kwa mchezo, mwisho wake nahodha aonekana achoma mishkaki. Lakini kuna mtu aliukata ule mwanzo peke yake ukazunguka kwenye simu za watu, na jirani yangu ambaye mumewe yuko baharini alitoka mbio mpaka gatini bila viatu. Mwanangu asema si kosa lake. Nimwambie nini? — Mama, Lamu*

Mama yangu, barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikatoka nje kidogo ndo nikarudi.

Mwambie kwanza kazi yake ni nzuri, manake moto ni mgumu, moto huangaza vitu vilivyo karibu nao na maji yakauonyesha kichwa chini, na bila shaka aliyafanya yote hayo ndo maana watu wakaamini. Halafu mwambie ukweli kwamba kwetu sisi boti si kitu cha mbali. Kila nyumba ina mtu aliyeko baharini ama aliyewahi kutorudi. Mke wa mvuvi hatasubiri mishkaki.

Sitasema ni kosa lake kwamba mtu mwengine aliikata, lakini tunajua kwamba video zakatwa, yeye naye ajua sababu yeye mwenyewe hukata za watu. Kwa hivyo video ianze na kichekesho chenyewe. Nahodha aonekane na mishkaki kutoka fremu ya kwanza, amekaa kwenye boti anapepea, moto uwake mkubwa kupita kiasi nyuma yake na yeye hashtuki, aomba pilipili. Kila sekunde ya video hiyo itakuwa ni mchezo, hata ikikatwa vipande kumi kila kipande kina mtu na mishkaki yake. Na ni kichekesho kizuri zaidi, namwambia kama fundi, sababu twacheka tangu mwanzo badala ya kutishwa kisha kuambiwa tucheke. Jina la boti ya kweli lisionekane, gati ya kweli isionekane, maji ya mahali popote yatosha.

Na aende kwa yule jirani. Yeye mwenyewe, si wewe. Aketi, aombe radhi, na mume wa jirani akirudi kutoka baharini aende tena.

Hapo hapo niwajibu na wale vijana watatu walioniuliza efekti ya bunduki, ule moto wa mdomoni na maganda yanayoruka. Kuitengeneza ni rahisi, ni fremu moja au mbili za mwangaza na sauti. Sitawafundisha kuishuti mtaani. Hapa kwetu tumepitia mambo, askari wako kazini na hawajui kilicho mkononi mwako ni bomba la plastiki, na mama anayepita na watoto naye hajui. Tumieni mwiko wa pilau, utoe radi na moshi, mtaona watu wanavyocheka.

*Fundi shikamoo. Niko gredi ya nane Malindi. Nina simu ya dada jioni peke yake kwa muda wa saa moja, kiingilio cha chaji kimeharibika, nafasi ni ndogo. Nataka kumfanya ndugu yangu atoweke. Naweza? — Mwanafunzi*

Marahaba mwanangu, waweza, na waweza leo.

Nikupe kisa kidogo. Ufaransa mwaka 1896 kulikuwa na mtu wa mazingaombwe akiitwa Georges Méliès, alikuwa na ukumbi wake Paris na ndo kwanza amepata kamera. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa akipiga picha barabarani mashine ikakwama, akaitengeneza kwa dakika moja hivi akaendelea. Alipokuja kuangalia, basi la abiria lililokuwa likipita limegeuka gari la maiti papo hapo, na wanaume wamegeuka wanawake. Kumbe kamera ilisimama, watu wakapita, kamera ikaendelea. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na umeme wa kamera, alizungusha mkono. Akaishika bahati ile akaifanya kazi ya maisha yake. Wewe una simu ya dada saa moja, una zaidi ya alichokuwa nacho.

Fanya hivi. Simu ikae kwenye tofali, imekandamizwa, isiguswe. Ndugu yako asimame ajifunike leso kuanzia kichwani mpaka chini, kama yule mtoto anayecheza mzimu. Wewe simama kando yake unyooshe kidole, useme maneno yako ya uchawi, halafu ugande. Usipepese hata. Kamera yaendelea kurekodi tu, usiizime sababu ukiigusa itasogea. Ndugu yako atoke polepole ndani ya leso na mtu wa tatu, dada mwenyewe basi, aishike leso kwa ncha kutoka juu mahali pale pale ilipokuwa, urefu ule ule wa kichwa cha ndugu, kisha aiachie na atoe mkono haraka. Leso yaanguka. Wewe ndo sasa wajitikisa, wakodoa macho, wainua leso wachungulia chini yake.

Kwenye kuediti kata kuanzia pale ulipoganda mpaka fremu ya kwanza ambayo mkono wa dada umeshatoka na leso iko hewani yaanza kushuka. Hapo ndo penye kazi, songeza fremu moja mbele moja nyuma mpaka usione mruko. Kidole chako kikiwa kimeshuka kidogo katikati watu wataona kiruke, kwa hivyo egemeza kiwiko kwenye kiti tangu mwanzo. Tia sauti ndogo ya kitambaa kikigusa sakafu, irekodi hiyo hiyo leso yako kwa karibu, fyuu, usitafute ya mtandaoni.

Jambo zima halifiki sekunde kumi na tano kwa hivyo nafasi ya simu itatosha, futa zile ulizokosea papo hapo. Shuti kabla ya magharibi mwanga ukiwa bado mzuri, na dada mshukuru. Ukimaliza nitumie, nataka kuiona hiyo leso ilivyoanguka.